Amesafiri

Wapendwa, leo nina habari za mtu mmoja, na nawaomba msianze kutazamana. Ukigeuka kumtazama jirani yako nitajua unamfikiria yeye, kumbe mimi nakufikiria wewe.

Kulikuwa na fundi viatu mmoja aliyevuka mpaka na mke wake akahamia nchi ya jirani. Akakaa huko miaka tisa. Alishona viatu vya mtaa mzima, vya walimu, vya polisi, hata vya mchungaji. Lakini kila akipita watu walisema, "Yule mgeni." Basi akachoka, akaamua kuomba uraia.

Ofisa wa uhamiaji akafungua faili lake, akahesabu. "Miaka unayo, bwana fundi, inatosha na kubaki. Bado jambo moja tu. Mwaka wa mwisho kabla ya kuomba, lazima uwe umekaa humu mfululizo. Ukivuka mpaka hata siku moja, tunafuta, tunaanza kuhesabu upya."

"Mwaka mzima nisitoke?"

"Mwaka mzima. Na tutakuja mtaani kwako kuuliza."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Watamuuliza nani? Fundi akatundika kalenda nyuma ya kabati, kila jioni akawa anaweka alama moja. Na tangu siku hiyo akaanza kuwachunguza watu. Muuza mkaa kwa nini leo amemsalimia mara mbili? Wale kwa kinyozi mbona walinyamaza alipopita? Na huyu mama mjumbe wa mtaa, na daftari lake kwapani, kila wiki anabisha hodi, "Wenyewe mpo? Hamjambo humo?" Anaandika nini kwenye hilo daftari? Anampelekea nani?

Akamwambia mkewe, "Kuanzia leo, mtu yeyote akija kuniulizia, mwambie nimesafiri."

"Sasa mume wangu, si niseme tu upo? Kuna ubaya gani?"

"Wewe huwajui watu. Wanakuchekea hapa, neno lako wanalifikisha ofisini."

Mnacheka? Mnacheka kwa sababu mnalijua neno hilo, "amesafiri." Safari yake haina nauli wala begi. Mtu anasafiri kutoka sebuleni mpaka chumbani, na akifika huko anapunguza sauti ya redio. Kwetu sisi neno hilo halina maana ya kwenda popote. Ni komeo la mlango. Ndiyo maana fundi hakushtuka alipolitamka, wala mkewe hakushtuka alipoanza kulisema. Alilisema kwa muuza mkaa, akalisema kwa kinyozi, na mjumbe akaambiwa hivyo hivyo wiki baada ya wiki.

Mwezi wa nane simu ikaja. Mama yake mzazi amefariki, ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja tu. Niambieni ninyi, mngefanyaje? Fundi alikwenda nyuma ya kabati akaitazama kalenda. Zilibaki alama mia na thelathini. Alikaa kitandani akalia, mdomo kwenye mto ili majirani wasisikie, na mama yake akazikwa bila mtoto wake wa kwanza. Inauma, wapendwa. Mimi mwenyewe inaniuma ninapoisimulia.

Kesho yake baada ya ile simu, mjumbe, aliyeambiwa msiba na mke wa fundi dukani, akaja, kifurushi mkononi, kilo ya sukari na majani ya chai. "Hodi! Hodi wenyewe!"

Fundi chumbani akaweka kidole mdomoni. Akamnong'oneza mkewe, "Amekuja kupeleleza huyo. Nenda. Unajua la kusema."

Mke akatoka.

"Poleni na msiba, mwanangu. Baba yupo nimpe mkono?"

"Asante, mama. Amesafiri."

"Maskini! Mungu amfikishe salama, amzike mama yake kwa amani."

Akaacha kifurushi. Fundi akasogeza pazia kidogo, akamwona mama yule amesimama nje, amefungua daftari, anaandika. Akamgeukia mkewe, akamwambia, "Umeona? Nilikwambia!" Na sukari ile hakuitia mdomoni, maana hakujua imekujaje.

Alama zikatimia. Ofisa akaja mtaani kama alivyosema, akaketi kwa mjumbe, akamuuliza habari za fundi. Mama akafurahi. "Huyo? Mtu mwema, hana ugomvi na mtu. Muidhinishieni. Hata alipofiwa na mama yake nilikwenda kumpa mkono, nikakuta ameshasafiri kwenda kuzika. Tazama, niliandika hapa siku ile ile, ili kina mama wa mtaa wapeane zamu kwa mkewe, asibaki peke yake na msiba."

Ofisa akasoma daftari, akatazama tarehe, akafunga kalamu. Fundi akaitwa pamoja na mkewe.

"Sikusafiri!" akapiga kelele. "Nilikuwa chumbani! Hii hapa pasi yangu, haina muhuri!"

"Bwana fundi, mpaka huu watu wanavukia mashambani kwenye mahindi. Muhuri utaniambia nini? Siku zile nani alikuona?"

"Mke wangu."

"Alikuwepo," mke akadakia. Ofisa akamgeukia. "Mama, siku ile ulisema amesafiri. Leo unasema alikuwepo. Niandike lipi?"

Mwanamke akainamisha kichwa. Na yule mjumbe, machozi yakimtoka, akamuuliza fundi, "Mwanangu, mimi nilikukosea nini?"

Ile pole ya msiba ilibisha hodi mlangoni kwa fundi naye akaifukuza, na sasa siku ile aliyoilinda kwa uchungu kuliko zote ndiyo iliyofuta mwaka wake. Alianza kuhesabu tena, siku ya kwanza.

Sasa tuje kwetu. Sisi nasi tumeomba uraia, wa mbinguni. Na tunajua kuhesabu! Nimeokoka miaka ishirini, sijakosa Jumapili hata moja, zaka natoa. Alama zote zipo nyuma ya kabati. Lakini nani amewaambia kwamba siku ile nitaulizwa mimi mchungaji wenu? Je, akiulizwa mama anayewaletea sukari? Akiulizwa jirani uliyemhesabu mpelelezi bure, atasema nini? Atasema ukweli wake: "Sijawahi kumkuta. Kila nikienda naambiwa amesafiri." Utatoa pasi gani hapo, ndugu yangu? Unataka kuwa mwenyeji, na wenyeji umewafungia mlango. Nani atakushuhudia kwamba uliishi?

Namaliza. Jumanne iliyopita nilibisha hodi kwenye nyumba moja ya hapa kwetu, sitaitaja. Nilisikia wana shida, nikaenda kuomba nao. Nikaambiwa baba amesafiri. Viatu vyake vilikuwa mlangoni, tope halijakauka. Nami sikuandika popote.

Nashukuru tu kwamba leo namwona hapa, amerudi salama. Tusimame tuombe.