Kijiti Kilicholala kwa Halvor

Sogeeni. Sogeeni hapa jikoni, mvua hii haina habari ya kukatika leo. Naftali, acha kumfinya mwenzako. Eliwaza, weka ungo chini, maharage hayatakimbia. Mwenye kikohozi akohoe sasa, amalize. Nyamazeni mpaka nisikie pumzi zenu. Haya.

Paukwa!

Pakawa!

Nimekwenda mbali, nimerudi na baridi!

Baridi ya wapi, bibi?

Ya watu wa kale, wajukuu wangu, na mpaka leo haijanitoka.

Ngano hii si ya kwetu. Nilipewa na Sista Borghild, yule mkunga wa misheni. Mama zenu wote walipita mikononi mwake. Mimi nilikuwa nikimfulia mashuka, naye akija kuanika pamoja nami, na mdomo wake haukai bure. "Mama Anaeli," ananiambia, "kwetu Norwe bahari inaingia milimani kama mkono mfukoni, na baridi inauma hata ulimi."

Basi zamani, kale ya babu wa babu zao, huko Norwe palikuwa na kijiji. Nyumba ishirini. Kumi na mbili upande huu wa maji, nane upande ule. Jina la kijiji Sista hakunipa, nami sitalibuni.

Mfalme wao hakukaa kwao. Alikaa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari, akila vya watu asiowajua. Kijijini alimweka liwali wake. Lakini watu wale walikuwa na kitu chao kimoja ambacho mfalme hakuwapa wala hakuweza kuwanyang'anya: baraza. Walikaa uwanjani, kila mwenye mji na neno lake. Mjane mwenye mji wake, naye na neno lake. Hawakuitana kwa ngoma. Waliitana kwa kijiti.

Kijiti chenyewe kifupi, urefu wa mkono wa mtoto, kimechongwa alama ya jambo linaloitiwa watu. Kinatoka kwa mzee wa sheria, kinakwenda nyumba ya pili. Ya pili inakipeleka ya tatu. Ya tatu, ya nne. Ngo, ngo, ngo! Mlango unafunguka. Aliyekileta anakitia mkononi mwa mwenzake, anasema:

"Kijiti hakili, hakinywi, hakilali. Pokea, nenda!"

Na aliyepokea, hata kama uji uko mdomoni, anameza, anavaa, anakwenda. Chwa, chwa, chwa, juu ya theluji. Na sheria ilisema hivi: anayekilaza kijiti nyumbani mwake, ulimi wake nao ulale. Mwaka mzima asiwe na neno barazani.

Mzee wa sheria aliitwa Torgils. Kusoma hakujua, kama mimi. Sheria zote za kijiji alizishika kichwani, na kila baraza alizisema bila kuruka, tangu ya kuchinja kondoo wa jirani mpaka ya kukata mti wa mpakani. Sauti yake nyembamba. Sista aliiigiza, inalia kama mlango usiotiwa mafuta. Lakini mlango ule ukilia, watu wananyamaza.

Mwaka mmoja bahari ilitupa nyangumi pwani. Nyangumi ni nyama ya miezi, ni mafuta ya taa, ni mbavu za kuezekea zizi. Halvor, mtoto wa Torgils mwenyewe, ndiye aliyemwona kwanza. Akapiga makasia mbio, akamchoma kisu. Lakini pale alipolala palikuwa pwani ya Gunnvor, mjane.

Halvor akasema, "Nimemwona mimi."

Gunnvor akasema, "Amelala kwangu."

Wakaenda kwa Torgils. Torgils akamtazama mwanawe, akamtazama mjane. Akasema, "Jicho halimiliki pwani. Nyangumi ni wa Gunnvor."

Basi! Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku ile Halvor akapewa jina: Bwana Jicho. Akipita njiani, "Bwana Jicho, leo umemwona nani?" Na Gunnvor naye hakuwa mtu wa kubana ulimi. Akimwona Halvor kwenye mashua yake, anapiga kelele kutoka ng'ambo, "Usinitazame sana, jirani, utanichoma kisu!"

Halvor akanuna. Kununa kule kulikaa miaka mitatu.

Sasa, wajukuu wangu, sikieni habari ya majani. Huko kwao, miezi saba hakuna kinachoota. Majani ya bondeni hufyekwa, hukaushwa, huwekwa akiba ya baridi. Kwa hiyo wakati wa joto ng'ombe hawaachwi bondeni. Hupandishwa malisho ya juu, mlimani, na wanawake hukaa huko wakikama na kutengeneza jibini. Ukiwanyima watu malisho ya juu, ng'ombe watakula akiba yao kabla baridi haijaja. Halafu watakula nini? Ng'ombe akifa, mtoto hanywi. Mtoto asipokunywa… mnaelewa.

Ikaja siku liwali akapanda farasi mpaka kwa Torgils. Jina lake Klaus, mtu wa buti nzuri. Akakunjua karatasi.

"Mzee, mfalme anasema malisho ya juu hayana mwenyewe. Nimeyaomba, amenipa."

Torgils akasema, "Ng'ombe wetu wanayajua, Bwana Liwali. Wanapanda peke yao."

"Ng'ombe hawana neno barazani." Liwali akacheka. "Lakini mfalme ana huruma. Iteni hilo baraza lenu. Siku ya kumi kuanzia leo, kabla jua halijagusa mlima, midomo kumi na miwili ikikataa, mimi narudi zangu. Ikipungua hata mmoja, malisho ni yangu."

Nyumba ishirini, inatakiwa midomo kumi na miwili. Jambo rahisi, siyo? Torgils akachonga alama ya ng'ombe kwenye kijiti, akakitoa.

Ngo, ngo, ngo! "Kijiti hakili, hakinywi, hakilali. Pokea, nenda!"

Chwa, chwa, chwa. Nyumba ya tatu. Ya nne. Ya saba. Siku ya pili kikafika kwa Bottolf, nyumba ya kumi na moja. Bottolf akamfikishia Halvor, nyumba ya kumi na mbili, ya mwisho upande huu. Kutoka kwa Halvor, kijiti kilitakiwa kuvuka maji. Na nyumba ya kwanza ng'ambo, mnaijua?

Ya Gunnvor!

Hasa. Ya Gunnvor.

Halvor akakiweka kijiti juu ya kabati. Mkewe, Ingerid, akamwambia, "Mume wangu, kijiti."

"Nimekiona."

"Umekiona tu? Kweli wewe Bwana Jicho."

Ehe! Neno hilo, kutoka kwa mke, lilikuwa mkaa juu ya kidonda. Halvor akasema, "Nikagonge kwa Gunnvor? Nimtie mkononi, nimwambie pokea, anicheke usoni? Kesho."

Kesho yake upepo, vuuu! "Kesho."

Kesho yake upepo umekufa, maji yametulia kama uji uliopoa. Ingerid akasema, "Nipe mimi nivuke."

"Uvuke wewe, ili waseme Halvor anamwogopa mjane? Kaa. Upande huu tuko kumi na wawili. Liwali ametaka kumi na wawili. Tunatosha. Hao wa ng'ambo wa nini?"

Hesabu yake ilikuwa sawa, wajukuu wangu. Kumi na wawili ni kumi na wawili. Alisahau kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni yeye.

Siku ya kumi watu wakakusanyika. Liwali amekaa kwenye kiti alichokuja nacho, anamenya yai. Torgils akasimama. Akatazama upande wa maji. Hakuna mashua. Hakuna Gunnvor. Hakuna mtu hata mmoja wa ng'ambo. Akahesabu waliopo: kumi na wawili, naye mwenyewe akiwemo, na Halvor akiwemo.

Sasa baraza lao lilikuwa na mlango wake. Kabla ya neno lolote, mzee wa sheria huuliza mara tatu. Miaka yote huuliza, miaka yote watu hujibu "Hakikulala," kama vile sisi tunavyojibu "Marahaba," bila kufikiri.

Torgils akauliza, "Kijiti kimelala kwa nani?"

Watu wakatazama viatu.

Bottolf akakohoa. "Mzee Torgils, midomo imetimia. Anza na malisho."

Mwingine akasema, "Anza, mzee, jua halingoji."

Liwali wala habari hana. Anamenya yai lake. Sheria ile hakuijua. Torgils angetaka kuruka swali, angeruka! Nani angemshika?

Torgils akauliza mara ya pili, "Kijiti kimelala kwa nani?"

Kunguru akalia, kraa!

Akauliza mara ya tatu. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko siku zote.

Halvor akasema, "Kwangu, baba."

Liwali akaacha yai. "Nini hicho? Sheria inasemaje, mzee?"

Torgils akamtazama mwanawe. Kisha akaisema. "Anayekilaza kijiti nyumbani mwake, ulimi wake nao ulale. Mwaka mzima."

Liwali akahesabu kwa kidole, taratibu. Moja, mbili, tatu… Kumi na moja. Akatazama ng'ambo. Kuvuka na kuwakusanya watu ni nusu siku. Akatazama jua. Akamaliza kula yai lake.

Jua likagusa mlima.

Siku ile hakuna aliyempa Torgils mkono ila mmoja. Liwali Klaus. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia mbele ya watu, "Mzee, kama nchi hii ingekuwa na watu mia kama wewe, kazi yangu ingekuwa nyepesi!"

Njiani Halvor akamwambia baba yake, "Ungeruka swali moja tu, baba."

"Nawe ungevuka maji mara moja tu, mwanangu."

Hawakusemezana tena.

Gunnvor alipopata habari, alivuka mwenyewe kwa mashua yake mbovu. Alifika mlangoni kwa Halvor, akasema, "Ungekuja, jirani. Ningekucheka, kweli, ningekucheka. Halafu ningekupa samaki na mdomo wangu wa kumi na mbili." Akalia, akarudi.

Baridi ikaja. Akiba ya majani ikaisha kabla ya mwezi wa pili. Wakawalisha ng'ombe maganda ya miti. Wakawachemshia vichwa vya samaki. Ng'ombe kula samaki, mmesikia wapi? Asubuhi wanaume wanne wanamwinua ng'ombe mmoja kwa mkia ili asimame. Anasimama, anatetemeka, puu! Anaanguka.

Ingerid alikuwa na mtoto wa miezi minne. Alikwenda kwa Torgils na kikombe kitupu, akakiweka mezani mbele yake. "Baba mkwe, sheria yako inatoa maziwa?"

Torgils alimpa mbuzi wake wa mwisho. Mbuzi alichelewa. Mtoto hakungoja.

Nami niliposikia hayo, pale kwenye kamba, niliacha kuanika mashuka.

Sasa sikieni lililo chungu zaidi. Ulipofika mwaka mwingine, daraja la mtoni likabebwa na maji. Torgils akatoa kijiti, watu wote watengeneze. Na kwa kuwa liwali sasa ana ardhi kijijini, kijiti kilipita na kwake. Ngo, ngo, ngo! "Pokea, nenda!" Liwali akapokea. Akakitazama. Akawashia jiko.

Baraza likakaa. Torgils akauliza mara tatu. Mtumishi wa liwali akacheka, akaeleza yote. Torgils akanyoosha kidole, akasema, "Liwali Klaus amekilaza kijiti. Ulimi wake ulale. Mwaka mzima."

Liwali akasema, "Mzee wangu, ulimi wangu hata ukilala, wa mfalme uko macho. Sheria hiyo ni yenu ninyi. Daraja jengeni. Na kuni za jikoni kwangu mlete kesho."

Torgils akawatazama watu wake. Alingoja mmoja ainuke. Mmoja tu. Bottolf alitazama viatu. Wote walitazama viatu. Halvor, ambaye ulimi wake ulikuwa bado umelala, alifungua mdomo, akaufunga.

Wakajenga daraja. Wakapeleka kuni.

Torgils hakusema sheria barazani tena mpaka alipokufa.

Wengine wakipewa ngano hii watawafundisha: usilaze kijiti, usimnunie jirani. Ni kweli, shikeni hilo. Lakini mimi nawaambia na lingine, nanyi mlitafune mkikua: sheria inayomfunga mwenye haya na kumwacha mwenye buti, hiyo si sheria, ni kamba. Na anayeifundisha ajue anamsokotea nani.

Ngano yangu imekata kamba hapo. Aliye na mkia wake aushike.

Bibi, na vitu vya watu wale nani alirithi?

Eliwaza, wewe hutosheki. Haya. Malisho ya juu yalirithiwa na binti wa liwali, akayauza kwa mtu wa mbali asiyefuga hata kuku. Koti la ngozi la Torgils alipewa Gunnvor, kwa kuwa ndiye aliyemwosha na kumzika. Wengine walisema wana kazi. Ingerid alirithi kile kikombe. Sheria zenyewe alizirithi liwali: Torgils alipokuwa kitandani mgonjwa, liwali alimtuma karani akae kichwani pake, aziandike zote, kwa sababu alikwisha kuona faida yake. Na Halvor alirithi ule mwaka wa kunyamaza. Mwaka ulipoisha watu walimwambia, "Sema sasa, ulimi wako umeamka." Akatikisa kichwa. Akaupokea mwaka wa pili, na wa tatu, na mingine yote mpaka naye akazikwa.