Wapelelezi wa Sange

Hapo kale, zamani zile wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na ugomvi wao kama sisi, aliishi Sange. Mnamjua Sange, wanangu? Ni mnyama mdogo kama panya, miguu yake myembamba kama njiti, na ana pua ndefu inayochezacheza huku na huku, kama mkonga ulionywea.

Sange hakuwa na ndugu wa damu. Moto wa msituni uliwaua wazazi wake angali mchanga, akaokotwa na ndovu mmoja mwenye wana wawili. Ndovu yule aliitazama ile pua, akaangua kicheko. "Huyu naye wa kwetu," akasema. "Kanywea tu!" Akamlea pamoja na wanawe, Kishindo na Dafrao. Na kwa kuwa Kishindo ndiye mzaliwa wa kwanza, kila mtu alimwita yule mama, Mama Kishindo.

Miaka ikaenda. Kishindo na Dafrao wakawa madume ya kutisha. Wakipita, ardhi inasema di! di! di! Wakajenga nyumba zao ng'ambo ya kijito. Mama akabaki kwenye nyumba ya zamani na Sange.

Kisha meno ya mama yakaisha. Ndovu magego yakimwisha, wanangu, hatafuni tena. Anataka boga lililopondwa, anataka majani laini yaliyotwangwa. Na Sange angefanyaje? Boga moja ni kubwa kuliko nyumba yake ya kulala. Mchi wenyewe akiupanda, anateleza, pu!

Siku moja mchana, Sange alirudi kutoka kichakani, akamkuta mama amepitisha mkonga ndani ya chungu, anakwangua.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Nimeshiba."

Sange akapanda ukingoni mwa chungu, akachungulia. Maji. Maji na jani moja.

Kabla hajasema neno, jirani yao Mama Nungunungu akapita nje. "Hodi hapo! Jirani, wanao wanakuja kukuona?"

"Hee! Jana tu walikuwa hapa!" Mama Kishindo akajibu kwa furaha kubwa. "Wameniletea maboga mpaka sina pa kuweka. Wanangu wale, Mungu awaweke!"

Nungunungu akaenda zake. Sange akahisi masikio yanawaka moto.

"Mama! Kwa nini unamdanganya?"

"Ulitaka nimwambie nini?" Mama akageukia ukuta. "Nimwambie nimezaa vijana wawili, na nalamba chungu?"

Sange alitoka mbio, fyuu! akavuka kijito kwa kurukaruka juu ya mawe, mpaka kwa Kishindo.

Alimkuta anazipaka mafuta pembe zake, anajitazama kwenye dimbwi. Siku arobaini zilikuwa zimebaki kabla wazee hawajachagua Mkuu wa Msafara, yule anayewaongoza wanyama wote kwenda kwenye maji wakati wa kiangazi. Kishindo aliutaka ukuu huo. Dafrao naye aliutaka.

"Shikamoo, kaka Kishindo."

"Marahaba. Sema haraka, nina shughuli."

"Mama hana chakula."

"Hiyo ni zamu ya Dafrao."

"Kaka, hajala tangu juzi."

"Nimekwambia ni zamu ya Dafrao! Au pua hiyo imekuziba masikio?"

Sange akakimbilia kwa Dafrao. Akamkuta anang'oa miti, anajipima nguvu, kraa! kraa!

"Shikamoo, kaka Dafrao. Mama hana chakula. Kaka Kishindo anasema ni zamu yako."

"Mimi?" Dafrao akacheka. "Mimi ni mdogo. Kishindo ndiye aliyenyonya kwanza. Aliyeanza kunyonya na aanze kulisha!"

"Basi njoo umtwangie tu majani, kaka. Majani nitaokota mimi, moja moja. Ni ule mchi tu siuwezi."

Dafrao alinyoosha mkonga, akapuliza. Fuuu! Sange akaruka kama kishada cha manyoya, akaangukia kwenye miiba.

Akakaa pale pale miibani. Machozi yalimtoka, lakini hayakuwa ya maumivu. Alikuwa na hasira. Hasira ile inayokufanya uone dunia nzima imesimama juu ya mguu wako. Alitaka kuwauma wote wawili. Lakini sange akimuuma ndovu, ndovu anadhani anawashwa, anajikuna, basi.

"Nguvu sina," akajisemea huku anajing'oa miiba mmoja baada ya mwingine. "Lakini nawajua. Nimelala nao kitanda kimoja. Najua wanachokipenda na najua wanachokiogopa."

Asubuhi yake alikwenda kwa Kishindo, uso ameukunja kama aliyefiwa.

"Kaka, pole."

"Pole ya nini?"

"Ah. Basi. Nimeapa nisiseme." Akageuka kuondoka.

"Wee! Rudi hapa! Umeapa usiseme nini?"

Sange akatazama kushoto, akatazama kulia, akapanda juu ya kidole cha Kishindo, akanong'ona. "Wazee wa msafara wameweka wapelelezi. Wako majanini. Wanataka kujua nani anamtunza mama yake. Wanasema, asiyeweza kulisha kinywa kimoja, vinywa elfu atavilishaje?"

Masikio ya Kishindo yakasimama. "Wapelelezi gani? Wanafananaje?"

"Ningewajua si ningekwambia, kaka? Wadogo wadogo. Huenda ni konokono. Huenda ni kinyonga."

Sasa kulikuwa na kinyonga kwenye tawi pale juu, amejikalia, anangoja nzi wake. Akageuza jicho moja, pole pole, likamtazama Kishindo. Kishindo akameza mate.

"Sh... shikamoo, Mzee Kinyonga," akasema.

Sange hakucheka. Alishuka, akaenda kwa Dafrao, akamwambia maneno yale yale.

Jua halijafika utosini, ardhi ikaanza kutikisika. Di! di! di! Nyungu zikagongana kule ndani. Mama Kishindo akatoka nje ameshika kifua.

"MAMA!" Kishindo alinguruma, huku uso ameuelekeza kwenye vichaka. "NI MIMI, MWANAO KISHINDO! NIMEKULETEA MABOGA SITA!"

"MAMA!" Dafrao akatokea upande wa pili. "NI MIMI DAFRAO! LEO NAKUTWANGIA MWENYEWE, KWA MKONGA WANGU MWENYEWE!"

"Achia mchi huo! Mimi ndiye mkubwa!"

"Mkubwa tangu lini? Jana ulikuwa wapi?"

"Na wewe jana ulikuwa wapi?"

Wakagombania ule mchi, huku wakitabasamu na kuinamia kila jani. Dafrao nusura amkanyage konokono, akarudi nyuma ameishiwa pumzi. "Samahani sana, bwana mkubwa! Sikukuona!"

Ikawa hivyo kila siku. Maboga, matikiti, majani ya kinamasi, uji wa mawele. Paa lililokuwa linavuja likaezekwa upya. Mama Kishindo akanenepa, ngozi ikarudi kung'aa. Mama Nungunungu akipita anaimba sifa, na safari hii hakuna aliyemdanganya.

Sange angefurahi, lakini hasira haikumtoka. Kila siku aliwatazama. Kishindo akiweka bakuli mbele ya mama, macho yake yako juu ya kichwa cha mama, yanatafuta kwenye majani. Hamuulizi ameamkaje. Hamuulizi chochote.

Siku moja tu, Dafrao alipomaliza kutwanga, alikaa chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mguu huo unaouburuta, umeanza lini?"

Kishindo akampiga kikumbo. "Sema kwa sauti, mjinga wewe! Unadhani watakusikia hivyo?"

Dafrao akarudisha macho majanini. Mama aliendelea kula, tonge baada ya tonge, na wala hakusema ni tamu au si tamu.

"Mama, mbona hufurahi?" Sange alimuuliza walipobaki wawili.

"Si nakula?" Mama akajibu, akafunga mdomo.

Siku ya arobaini ikafika. Wanyama wote walikusanyika uwandani, vumbi tifu! tifu! Mzee Kuro, mkuu wa wazee, akasimama mbele na pembe zake ndefu.

"Anayeutaka ukuu wa msafara na ajieleze."

Kishindo akajitupa mbele. "Mimi sina maneno mengi, wazee wangu. Mwanaume anajulikana kwa anavyomtunza mama yake. Siku arobaini nimemlisha mama yangu. Msiniulize mimi. Waulizeni wapelelezi wenu!"

"Na mimi!" Dafrao akadakia. "Wananijua hao wapelelezi!"

Mzee Kuro akakunja paji la uso. "Wapelelezi gani?"

"Wale mliowaweka majanini."

"Sisi hatukumweka mtu majanini."

Juu ya kijiti, Kinyonga akatoa sauti yake ya kukwaruza. "Aaa! Kumbe ndiyo maana! Mwezi mzima ananiamkia, nikadhani ameugua kichwa!"

Wakacheka, wanangu! Pundamilia walianguka chini. Fisi wakashikana mbavu. Kishindo alisimama katikati ya kile kicheko, masikio yanapepea, na taratibu, taratibu, akaelewa.

"SANGEEE!"

Akaja. Vumbi, pembe, mkonga, vyote pamoja. Sange angeweza kukimbia. Nani angemkamata? Lakini siku ile miguu yake ilikataa kukimbia. Alisimama wima juu ya jiwe, pua ameiinua juu.

"Ndiyo! Nimewadanganya!" akapiga kelele. "Nimewadanganya na nitarudia! Mama alilamba chungu kitupu nanyi mnajipaka mafuta! Nilikuja nikawaomba, mmoja akanitukana na mwingine akanipuliza miibani! Kweli mliikataa. Mlichokisikia ni uongo. Sasa nikanyage, Kishindo! Nikanyage wote waone ukubwa wako!"

Kishindo akainua mguu.

"Uweke chini mguu huo."

Haikuwa sauti kubwa, lakini wote waliisikia. Mama Kishindo alikuwa amefika, anauburuta mguu wake mbovu. Akapita katikati ya wanyama, akasimama kati ya jiwe na mwanawe.

"Mama, huyu kidudu ametudanganya..."

"Nimesema uweke chini!"

Mguu ukashuka.

"Mimi nilijua," Mama akasema. "Tangu siku ya kwanza. Mnadhani meno yakiisha na akili inaisha? Mlinipikia nikiwa nimekaa mbele yenu, nanyi mnaviamkia vichaka. Kila tonge nililokula lilikuwa la kinyonga, si langu! Nilikula kwa hasira, siku arobaini, kwa sababu nilikuwa na njaa. Mwanamke mzima, nimewabeba tumboni miezi ishirini na miwili kila mmoja, naona aibu kushiba!"

Hakuna aliyecheka sasa.

"Na mimi mwenyewe," akaendelea, "nina kosa langu. Jirani yangu yule pale, Mama Nungunungu, nimemdanganya miaka. Walikuja jana, walikuja juzi. Hawakuja! Nimewafunika kwa uongo mpaka wakaota mizizi humo ndani."

Kisha akamgeukia Sange. "Na wewe. Umeniokoa, naam. Lakini uliniona nakula bila furaha, ukaendelea. Ungeniambia, mwanangu. Mimi si chungu cha kujazwa tu."

Sange akainamisha kichwa. Yale maneno yalimwingia kuliko miiba. "Nisamehe, mama. Nilikuwa na hasira, sikuona kingine."

"Najua. Nimekulea mimi."

Mzee Kuro akakohoa. "Kwa hawa wawili," akasema, "sitamfuata hata mmoja wao hata kama mto uko hapo mbele ya pua yangu." Wazee wakaitikia, wakaenda kutafuta mkuu mwingine.

Kishindo alipiga teke mti, kraa! akavuka kijito akiwa anatukana, na hakurudi. Mpaka leo anasema alionewa.

Dafrao alibaki uwandani mpaka wanyama wote walipoondoka.

Asubuhi iliyofuata, kabla majirani hawajafungua milango, Sange alisikia hatua nje. Safari hii hazikusema di! di! di! Zilikuwa hatua za mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Akachungulia. Dafrao amesimama mlangoni na furushi la majani ya kinamasi, macho chini.

"Shikamoo, mama," akasema, kwa sauti ambayo hata Sange aliisikia kwa shida.

Mama hakugeuka. "Umekuja na nani akuone?"

"Sikuja na mtu."

"Huko kichakani unatazama nini?"

"Sitazami, mama. Nakutazama wewe."

Mama akaendelea kuchochea moto wake. Muda mrefu. Dafrao hakuondoka, wala hakujitetea. Sange naye hakumsaidia hata kwa neno moja, maana bado alikuwa anamkasirikia, tena sana, na alikuwa na haki.

"Haya, ingia," Mama akasema mwishowe. "Unaniziba mwanga."

Hapo ndipo nilipoishia kusikia mimi, na ndipo ninapowaachia ninyi, wanangu: ukimtunza mzazi kwa sababu watu wanakutazama, ujue umewatunza watu, mzazi bado ana njaa.