Nakuombea Maswali Magumu

"Mbona ya kwake mepesi?"

Swali hilo binti mmoja aliliuliza kwa mnong'ono ndani ya chumba cha mtihani, na hakuna aliyemjibu. Msimamizi aliinua kichwa, akagonga meza kwa kalamu, basi. Na ninyi msimjibu kwanza. Tumfuate tangu alikotoka, tuone alifikaje mahali pa kuuliza hivyo, maana nina hakika humu ndani wapo waliokwisha kuliuliza swali hilo hilo, tena wakiwa wamepiga magoti.

Binti huyu alikuwa anarudia mtihani wa kuingia shule ya biashara. Mama yake alipika sabuni uani, sabuni nzuri, inayonukia mchaichai, na binti aliapa kwamba ataitoa sabuni ile uani aifikishe madukani. Shule hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Mara ya kwanza alifeli. Alifeli pamoja na rafiki yake, siku moja, mtihani mmoja, na hapo hawakuwa na ugomvi. Kufeli wawili kuna raha yake, jamani. Mnalia pamoja, mnakula chipsi pamoja, mnamsema aliyetunga mtihani. Shule ikawaambia: mtarudia mara moja tu. Ukianguka tena, usirudi.

Wakajiandikisha darasa moja la maandalizi. Ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu rafiki alianza kupanda.

Mwalimu akiuliza nani ameiona njia ya mkato, mkono uliokuwa juu ni wa yule. Mwalimu akisema "vizuri sana", huyu wetu alihisi kama kanyang'anywa kitu mkononi. Alimwonea wivu mwenzake kwa akili, kwa mwandiko, kwa namna alivyocheka akikosea badala ya kununa. Alimwonea wivu hata kwa usingizi, maana yule bibie alikuwa analala vizuri na bado anaelewa! Nyumbani akifungua kitabu, hakuwa anajiuliza "hapa nilikosea wapi?" Alikuwa anajiuliza, "yeye amefika ukurasa gani?" Sasa niambieni, huyo anajiandaa kwa mtihani au anajiandaa kwa mtu?

Kwenye ushirika wao, kama huu wetu, rafiki alisimama siku moja kushukuru. Akasema, "Wapendwa, hesabu za uwiano zimeanza kunielewa." Watu wakacheka, wakaitika amina kwa sauti moja. Huyu wetu akakohoa. Alikohoa vizuri tu, na kitambaa akatoa, na aliyekaa jirani akampa pole ya kifua.

Mnacheka. Nani humu hajawahi kuikohoa amina?

Sasa sikilizeni hapa. Mara ya kwanza mtihani ulikuwa wa karatasi. Safari hii ungekuwa wa kompyuta, na ipo siku mwalimu alisimama akaeleza jinsi kompyuta inavyomchagulia kila mtu maswali yake. Binti wetu alikuwepo. Alikaa kiti cha mbele kabisa. Ila macho yake yalikuwa kwenye kucha za mwenzake, zimepakwa rangi mpya. Nani kampaka? Walikwenda na nani? Mbona hakuniambia? Alipomaliza kuyajibu maswali hayo mwenyewe, mwalimu alikuwa anafuta ubao.

Asubuhi ya mtihani walikutana getini.

"Shoga, umelala?"

"Kwani nilikuwa nakesha wapi?"

"Mwenzio tumbo linanguruma kama nimemeza pikipiki." Rafiki akamshika mkono. "Lakini nimekuombea. Nimekuombea upate maswali magumu."

Huyu wetu akauchomoa mkono wake. "Umeniombea nini?"

"Magumu! Yale ya kukutoa jasho. Yakizidi ugumu, wewe shangilia."

Je, aliuliza, "Una maana gani?" Neno dogo hilo, lingemchukua muda gani? Hakuliuliza. Moyoni alisema: kumbe ameshindwa kujificha, leo amenitolea yaliyomjaa. Akatabasamu kwa meno tu, akajibu, "Na wewe Mungu akuzidishie hayo hayo."

"Amina!" akaitika yule, kwa moyo mweupe kabisa. Yeye hakukohoa.

Wakaingia. Wakakalishwa jirani, katikati yao kibao kifupi cha mbao. Binti wetu akaanza vizuri. Swali la kwanza akalipata, la pili akalipata, na alijua kwamba amelipata. Kisha maswali yakaanza kukaza. Likaja la mabomba mawili yanayojaza tangi huku la tatu likivujisha. Akapambana nalo, akalipata. Likaja la hoja yenye sentensi ndefu kama foleni ya hospitali, akitakiwa kuonyesha ni wapi hoja imelegea. Akalipata. Lililofuata lilikuwa gumu kuliko yote hayo, jasho likamshuka mgongoni, na hapo akalikumbuka neno la getini. Magumu. Ya kukutoa jasho.

"Amenilaani," akasema moyoni. "Na amempata Mungu wa kumsikiliza."

Akanyoosha shingo. Juu ya kibao cha mbao akachungulia kwenye kioo cha kompyuta ya mwenzake, na aliloliona nusura limtoe machozi. Asilimia ishirini ya mia mbili ni ngapi? Swali la mtoto! Yeye anazama kwenye tangi linalovuja, mwenzake anaulizwa asilimia ishirini ya mia mbili!

"Mbona ya kwake mepesi?"

Msimamizi akagonga meza.

Ndugu zangu, akakata tamaa. Kama ni hivi, basi potelea mbali. Akabofya jibu lolote. Na tazama, swali lililofuata likaja na nafuu kidogo. Akashangaa. Akabofya tena bila kusoma vizuri, akili bado iko ng'ambo ya kibao, na lililofuata likawa jepesi zaidi. Moyo ukamtulia. Akaona kompyuta imeanza kumpenda. Mwishoni alikuwa anaulizwa mambo ya nusu ya arobaini, kama mwenzake tu, na midomo ilimchezacheza: "Asante Yesu. Umeniona na mimi."

Alimaliza wa kwanza. Akatoka kidevu juu.

Rafiki alitoka baadaye sana, blauzi imelowa mgongoni, akamkimbilia. "Shoga, mimi nilikuwa nimekwisha! Katikati nilichanganyikiwa, nikakosea mfululizo, nikaona naletewa asilimia ishirini ya mia mbili. Nikajua tayari nimeshuka. Nikasema Mungu wangu, nipe magumu! Nimeparamia kurudi juu kwa kucha. Wewe je, ulipata magumu?"

"Niliyapata."

"Magumu kweli kweli? Lile la tangi linalovuja?"

"Nililipata."

"Basi umepita!" Akamrukia, akamkumbatia, akapiga kelele mpaka walinzi wakageuka. "Si mwalimu alisema! Ukipatia, kompyuta inakupandisha, inakupa gumu zaidi. Ukikosea, inakushusha. Gumu ndilo dalili! Shoga, umepita!"

Na binti wetu akasimama pale amekumbatiwa, mikono yake inaning'inia.

Majibu yalipotoka, rafiki alipita, kwa tabu, lakini alipita. Binti hakupita, na ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Sabuni ya mchaichai imebaki uani.

Sasa sisi.

Kabla hamjaniwekea pingamizi, najua litakuwa lipi. Mtasema, "Dada, una maana kila mwenye nafuu amekosea, na kila mwenye shida anapanda?" Hapana. Ziko shida ambazo ni shida tu, na yako mateso yaliyoletwa na watu waovu, na yeyote anayekwambia ushangilie dhuluma, mkatalie. Mfano wangu hausemi hayo. Unasema hivi: hukujua. Ulipochungulia juu ya kibao, uliona swali moja la mwenzako, hukuona njia iliyomfikisha pale. Ulimwonea wivu wakati anaporomoka! Ulitamani kuporomoka kwake, ukaomba, ukapewa, ukashukuru. Hivi tunajua ni shuhuda ngapi tumezitoa hapa mbele, na amina tumeitikiwa, kumbe tulikuwa tunashukuru kwa kushushwa?

Na linaloniuma zaidi si mtihani. Linaloniuma ni getini. Mtu alimtamkia mwenzake dua, masikioni ikafika laana. Wivu ulisimama katikati kama mkalimani mwongo, ukalitafsiri kila neno jema kuwa tusi, na sisi tukamwamini mkalimani badala ya kumwamini rafiki. Tumekaa humu tunaimba pamoja, na wengine hatujazungumza tangu muhula uliopita kwa sababu ya sentensi moja ambayo hatukuuliza maana yake. Tunamwuliza Mungu kwa nini yeye, kwa nini si mimi. Tunaunong'oneza ukuta. Tunaviuliza vyumba ambavyo haviruhusiwi kutujibu. Yule mwenye jibu amekaa viti viwili kutoka kwako, na hujamwuliza.

Kwa hiyo nina ombi moja tu leo. Unamjua mtu wako. Jina lake likikujia moyoni, usilifukuze. Kabla hujatoka humu ndani, mwendee, umwambie, "Siku ile uliniambia neno. Ulikuwa na maana gani?" Kisha msikilize mpaka amalize.