Kitanda cha Mama na Saa ya Mkurugenzi

Wapendwa, zimeni simu, maana mhubiri mkali kuliko wote mtaani hapa amesimama. Mnacheka? Chekeni, mtanyamaza wenyewe.

Alikuwapo mkurugenzi mmoja wa kampuni ya vitanda, aliyerithi karakana ya marehemu baba yake. Akaleta programu ya kompyuta: mteja anachagua mbao, upana na rangi, programu inachora kitanda na kutaja bei palepale. Aliipimaje? Kwa saa tu. Ripoti ikisema wateja wamehudumiwa haraka kuliko mwezi uliopita, ofisi nzima inanyweshwa soda.

Siku moja akaitumia mwenyewe kumwagizia mama yake kitanda, kwa kuwa magoti yalishaanza kumsumbua bibi wa watu. Akabonyeza hapa na pale, kwisha. Haikuwahi kuwa na kasi vile. Akawaita wafanyakazi waje washuhudie.

Kitanda kikapelekwa. Alipokwenda kumsalimia mama, akamkuta amelala mkekani, kando ya kitanda kinachong'aa.

“Shikamoo mama. Kitanda kina nini?”

“Marahaba, baba. Kizuri mno, nashinda nakitazama.” Mama akacheka kidogo. “Ila kukipanda siwezi. Kiko juu.”

Mkurugenzi akajitetea kwamba programu haikuonyesha kosa lolote.

“Marehemu alikuwa anamketisha mtu kwanza,” mama akasema.

Hapo yakamrudia yote. Harufu ya maranda ya mninga, redio ya baba dirishani, lile kreti la soda alilokalia kila mteja. Baba akiinama, akichora chaki ukutani usawa wa goti la mteja, huku akiuliza habari za nyumbani. Asubuhi nzima ingeisha hivyo. Lakini nani kati ya wateja wake alilala chini?

Mkurugenzi akaokota kipande cha mkaa jikoni, akapiga magoti na suti yake mbele ya mama, akapima usawa wa goti lake, akatia alama kwenye mguu wa kitanda, mahali pa kukatwa.

Na sisi je? Mimi niliyekimbia shule darasa la sita nimeelewa. Ninyi wenye digrii mnatazama saa nimalize. Tunajisifu ibada inaisha mapema, viti vimejaa, spika mpya. Na yule bibi wa kiti cha mbele, aliyekuwa akituanzishia nyimbo, nani kamuuliza mbona haji siku hizi?

Mmenyamaza. Si niliwaambia?

Leo tukitoka hapa tunakwenda kwake. Na tukifika, tupige magoti kwanza, ndipo tuulize.