Mzee Mwinyimvua Aenda Mawindoni Kitandani

Hapo zamani, katika mji wa Kilongwe, alikuwako sultani jina lake Darweshi bin Nasri, naye alipenda kuwinda kuliko kula. Ujana wake wote aliumaliza porini. Lakini miaka ikamfikia kama inavyomfikia kila mtu, na siku moja, alipokuwa akirudi kutoka mawindoni juu ya farasi, usingizi ukamchukua. Farasi alikuwa na njaa. Badala ya kwenda jumbani akaenda sokoni, akasimama mbele ya muuza mchicha, akala fungu baada ya fungu, na Sultani juu yake anakoroma, upinde mkononi, kilemba kimemfunika jicho moja. Watu wakakusanyika. Hakuna aliyethubutu kumwamsha, wala hakuna aliyekubali kuondoka. Alipozinduka, mji mzima ulikuwa ukimtazama.

Basi Sultani akaingia ndani kwa aibu kubwa, asitoke tena. Lakini kukaa ndani kukamchoma, kwa kuwa kila akichungulia dirishani aliwaona wazee wenzake wakipita na majembe na nyavu zao, wakicheka. Akamwita Waziri Badawi, akamwambia kwamba amewaonea huruma wakongwe wa mji wake na anataka wapumzike. Jioni ile mpiga mbiu akazunguka akitangaza: kila mwenye mvi, mwanamume kwa mwanamke, tangu jua kuchomoza hata kutua, na awe kitandani mwake, wala unyayo wake usiguse ardhi, ila kwa ibada na haja ya lazima. Atakayekaidi atafungwa.

Ikawa mji umepinduka. Wengine walijipaka masizi kichwani, mvua ikanyesha, wakachuruzika weusi mpaka mabegani, wakakamatwa. Kadhi alinyoa nywele, ndevu na nyusi, akawa kama yai, na watu wakawa hawawezi kumsalimu ila wametazama pembeni. Posa zikakwama, maana wazee wa kuzungumza mahari wote walikuwa wamelala.

Sasa, pembezoni mwa mji alikaa mwindaji mkongwe, Mzee Mwinyimvua, asiye na kitu ila upinde, kitanda cha kamba, na mkewe Bi Mwanasha. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko Sultani, na bado aliingia porini kila alfajiri. Alichopata ndicho walichokula. Amri ilipotoka wakalala wote wawili kitandani, bega kwa bega. Siku ya kwanza mzee alihesabu boriti za dari. Siku ya pili alimweleza mkewe kasoro ya kila boriti. Bi Mwanasha akamwambia kwamba ameishi naye miaka yote hii kwa sababu alikuwa akitoka asubuhi.

Chakula kikaisha. Mzee alipojaribu kukunja magoti, yakalia kama mlango mbovu, na hapo ndipo hofu ilipomwingia. Njaa aliizoea. Alichoogopa ni kwamba akilala hivi mwezi mmoja, hata amri ikiondolewa hatainuka.

Ndipo akauliza, "Mke wangu, mpiga mbiu alitaja kitanda kiwe wapi?"

Bi Mwanasha akafikiri, akasema hakutaja.

"Basi sogea kidogo, tupate nafasi ya podo la mishale."

Akamwita jirani kupitia dirishani, akaazima punda wake, na kitanda kikafungwa juu ya mgongo wa punda, mzee upande huu na bibi upande ule, mto na shuka katikati. Walipofika kwenye lango la mji walinzi wakawazuia. Wakainama, wakahesabu miguu iliyogusa ardhi, ikawa minne, na yote ya punda. Wakawapisha.

Huko porini mambo yakawa ya ajabu. Wanyama walimjua mwanadamu kuwa ni kitu kinachonyemelea kwa miguu miwili. Kitanda chenye shuka na watu wanaogombania mto hawajapata kukiona. Swala wakasogea kutazama. Mzee akalalia ubavu, akavuta upinde, akampata mmoja, akamvuta juu kwa kamba na kumchinja hapo hapo ukingoni mwa kitanda kwa jina la Mwenyezi Mungu, na Bi Mwanasha akanung'unika njia nzima juu ya shuka lake.

Harufu ya nyama ikatangaza habari kuliko mpiga mbiu. Haukupita muda, kila kukipambazuka vitanda vikawa vinatoka langoni kwa safu, vingine juu ya punda, vingine vimebebwa na wakwe waliokuwa wakijuta kuoa. Wazee wakalima wakiwa wamelala kifudifudi, mikono inaning'inia na majembe. Wavuvi wakongwe wakaelea mtoni juu ya vitanda vyao. Sultani akaona haya yote kutoka darini, na wivu ukamjaa tele. Akaagiza mwanzilishi aletwe.

Mzee Mwinyimvua akaletwa barazani kitandani, na mkewe pembeni yake.

"Ewe mzee," akasema Sultani, "mimi nimekuamuru upumzike, nawe waenda kuwinda?"

"Nimepumzika, Maulana. Tangu amri yako sijasimama. Hata sasa nazungumza nawe nimelala, na naomba radhi kwa hilo."

Waziri Badawi akamnong'oneza Sultani kwamba mtu huyu anafanya dhihaka. Sultani akakasirika, akasema kwamba katika msitu wake yuko kulungu dume ambaye yeye mwenyewe alimwinda miaka mingi asimpate. Mzee na amlete, bila kutoka kitandani. Akimkosa, yeye na mkewe watafungwa, na kitanda chao kipasuliwe kuni.

Bi Mwanasha akaushika mkono wa mumewe chini ya shuka. Mzee akatafakari, kisha akajibu kwa upole.

"Nimesikia na nimetii. Lakini kulungu huyo mimi simjui, nami nikileta mwingine itasemwa nimedanganya. Aliyemwona ni Maulana peke yake. Sharti afuatane nami anionyeshe."

Sultani aliposikia neno la kwenda msituni, moyo ukamruka. Akainuka upesi, akaagiza farasi. Mzee akakohoa kwa adabu.

"Maulana anisamehe. Chini ya kilemba hicho, nywele ni za rangi gani?"

Waziri akaitazama dari. Sultani, kwa kuwa alikuwa mwenye kushika neno lake, akaketi, akanyanyua miguu yake ardhini, na kwa sauti ndogo akaagiza samadari, kitanda chake cha fahari, iletwe pamoja na upinde wake.

Samadari ile ilikuwa kubwa, yenye nakshi na chandarua cha hariri, ikabidi ukuta uvunjwe ili ipite. Wabebaji wakaenda nayo wakihema, kitanda cha kamba kikitangulia juu ya punda, na Waziri akifuata nyuma. Walipofika ndani ya msitu, vichaka vikatikisika na kulungu dume akatokea, mkubwa, pembe zimesokoteka, akasimama akiishangaa hariri.

Sultani akapiga ukelele. Akasahau samadari, akasahau amri, akasahau mpaka viatu. Akaruka chini, akakimbia peku kwenye miiba, kilemba kinafunguka nyuma yake, akavuta upinde, akaachia. Mshale ukapita mbali na kulungu, ukachomoa kofia ya Waziri na kuipigilia kwenye mti. Kulungu akageuka, akaenda zake bila haraka.

Sultani akabaki amesimama, anahema, mvi zake nje, uso umewaka kama wa mtu aliyetoka kifungoni. Mzee Mwinyimvua akajiinua kwa kiwiko.

"Maulana, nauliza tu. Mwenye mvi amegusa ardhi, na jua halijatua. Ni nani amkamate?"

Sultani akatazama nyayo zake. Akatazama wabebaji, ambao walitazama juu. Kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akakaa kwenye majani, na pale pale akaifuta amri. Akasema kwamba msitu wake wa kuwindia, tangu siku ile, ni wa Mwinyimvua pia. Kisha akamwuliza amewezaje kuwinda miaka yote ile pasipo uzee kumzuia.

"Umenizuia mengi, Maulana. Siku hizi nakosa zaidi kuliko ninavyopata. Ila sijapata kumwambia mnyama umri wangu."

Bi Mwanasha akasema kwamba kama mazungumzo yamekwisha, yeye anarudi nyumbani kulala kitandani mwake peke yake, kwa nafasi. Mzee akashuka, na bibi akaondoka na punda. Samadari nayo ikarudishwa, na Waziri ndani yake, maana alisema mwili wake unatetemeka.

Basi wale wakongwe wawili, Sultani na Mzee, wakashika nyayo za kulungu kwa miguu. Kila baada ya kitambo mmoja alisimama, akainama, akasema nyayo hizi zataka kutazamwa vyema, na mwenziwe akaafiki upesi, akainama naye. Wakatazama mahali pasipo na unyayo wowote mpaka pumzi zikawarudia, kisha wakaendelea.