Firigisi ya Mshenga

Jua la Oktoba lilichomoza Ikungi likiwa limeshanuna, lakini Mzee Bonaventura alikuwa amelitangulia. Alisimama katikati ya ua wake, suruali ameikunja hadi magotini, jasho likimchuruzika, akimkodolea macho jogoo mwekundu aliyetua juu ya paa la jiko. Jogoo naye alimkodolea macho. Walikuwa wakitazamana hivyo tangu saa kumi na mbili, na kwa kusema kweli, jogoo ndiye aliyekuwa akishinda.

Siku hiyo haikuwa ya mzaha. Saa sita wageni kutoka Kiomboi wangefika kumposa Leah, binti yake wa pekee, mwalimu wa baiolojia. Leah alimpenda kijana wao, Peniel, kwa miaka mitatu, na alimwomba baba yake jambo moja tu: asiwape wageni sababu ya kukasirika. Mshenga wao, Mzee Hosea, alisifika kwa ukali. Ilisemekana aliwahi kuvunja posa ya watu kwa sababu alipakuliwa shingo badala ya firigisi. Kwake yeye firigisi ya jogoo aliyefugwa na mwenye nyumba ndiyo heshima yenyewe. Asipoiona sahanini huaga kwa adabu, na habari ya ndoa huishia hapo.

"Kuku arobaini ninao," Bonaventura alijigamba wiki nzima. "Nitakosaje mmoja?"

Akawakosa wote arobaini. Aliwamwagia mtama, wakadonoa na kuruka kabla hajainama. Aliwarushia kanga ya mkewe, ikanasa kwenye miiba. Alitega tenga, likamnasa yeye mwenyewe kidole gumba. Jioni iliyotangulia alijificha nyuma ya banda, akasahau kwamba ni miaka sasa hakuna kuku wake anayelala bandani. Wote hupanda mgunga mrefu ulio nyuma ya nyumba, na kujikunyata kileleni penye miiba kama sindano za kushonea magunia.

"Baba Leah!" mkewe, Asnath, aliita kutoka jikoni. "Maji ya kunyonyolea kuku yamekauka mara mbili. Nichemshe ya tatu, au nipike mlenda?"

"Mlenda kwa wakwe? Ukiupika, mimi nahamia Manyoni!"

Ng'ambo ya ua wa minyaa, jirani yake Sostenes alikuwa akinoa jembe huku kuku mnene amemlalia mguuni. Bonaventura alipomwona kuku yule, damu ilimchemka. Miaka kumi na minane iliyopita, marehemu mama yake Bonaventura aliwagawia majirani hao wawili vifaranga wa tetea mmoja.

"Sostenes!" akafoka. "Umewafanyia nini kuku wangu? Ni ukoo mmoja hawa! Wako wanakulalia miguuni, wangu wanaruka kama kwale. Huu ni uchawi!"

Sostenes alicheka hadi jembe likamponyoka. "Jirani, mimi sina uchawi, nina mke. Kuku akiingia jikoni kwa Rahel na kuchezea unga wake, jioni hiyo hiyo ni mchuzi. Wanaobaki ni hawa wapole. Njoo umchukue huyu mguuni, hata hatapiga kelele."

"Wa kuazima? Firigisi ya posa haiazimwi!"

Leah, aliyekuwa akifagia kibaraza, aliweka ufagio chini. "Baba, samahani. Ukitaka kuku wa kuchinja au wa kumuuzia mchuuzi, unamkamata yupi?"

"Anayekamatika. Swali gani hilo?"

"Na akikushinda mbio?"

"Namwambia tutaonana kesho."

"Mkaonana?"

Bonaventura alikuna kichwa. "Kesho yake hukamata mwingine, mzito."

"Basi wazito waliliwa kabla hawajaatamia," Leah alisema. "Wenye mbio wakabaki, wakaangua, na vifaranga wao wengi wakarithi mbio. Wakati ule wengine walilala bandani na wengine mtini. Ulichukua wa bandani, wa mtini wakazaana. Kwa Mama Rahel watundu waliliwa, wapole wakaangua. Kuku mama mmoja, nyua mbili, na leo ni kuku wa namna mbili. Hakuna aliyewafundisha wala kuwaroga. Viumbe vya dunia vimetofautiana kwa njia hiyo hiyo, ila huko wachaguzi ni kiangazi, maradhi na mwewe, nao wamefanya kazi kwa mamilioni ya miaka."

"Kwa hiyo mimi ni mwewe?"

"Mwewe mwenye kitambi," Sostenes alidakia.

Mara gari likasimama langoni. Wageni walikuwa wamewahi! Mzee Hosea alishuka na suti nyeusi na fimbo, akapokea shikamoo ya Leah bila tabasamu, kisha akamtazama mwenyeji wake miguu mitupu, mkononi ameshika unyoya mmoja.

Bonaventura alimtazama binti yake, akaona macho yamejaa machozi, na moyo ukamuuma kwelikweli. Akaona heri aseme ukweli. "Mzee mwenzangu, majogoo ninao kumi na mmoja. Ila hashikiki hata mmoja. Firigisi yako bado inakimbia."

Hosea alikunja uso, akageukia gari. Papo hapo mwewe alishuka kutoka angani. Kufumba na kufumbua, ua mzima ulikuwa mtupu; kuku wote walikuwa ndani ya miiba, pamoja na vifaranga wa wiki tatu. Mwewe alizunguka mara mbili, akaenda zake kucha tupu.

Hosea alibaki mdomo wazi. Taratibu akavua koti, akampa dereva fimbo. "Hebu nijaribu mimi."

Alijaribu kwa nusu saa. Alipoketi hatimaye, suti ilikuwa imebadilika rangi kwa vumbi, naye alikuwa akicheka huku akihema. "Mwaka huu mwewe na vicheche wamenimalizia kuku wote nyumbani," alisema. "Firigisi nimekula maisha yangu yote. Leo nipeni mlenda, na mnipe mayai ya kuku hawa nikaatamishe. Mayai, nadhani, bado hayajajifunza mbio. Binti tumempenda, na tarehe tupange leo."

Leah alikimbilia jikoni kumkumbatia mama yake, machozi yakiwa sasa ya furaha. Mlenda uliliwa hadi chungu kikakwanguliwa.

Wageni walipoondoka, Bonaventura aliketi kibarazani na bintiye. "Hivi walianza lini kunishinda? Sikuiona hiyo siku."

"Haikuwapo siku moja, Baba. Ilikuwa kuku mmoja mzito leo, na mwingine mwezi ujao, kwa miaka kumi na minane."

Mzee alihesabu kimoyomoyo sahani zote za mchuzi alizokula katika miaka hiyo, akaguna, akakubali kwamba wahenga walimsema yeye hasa walipotamka: haba na haba hujaza kibaba.