Mstari Kati ya Mama na Mtoto

Mtu mmoja, jina lake Shebughe, alikuwa na chumba cha kutengenezea filamu za katuni. Alikuwa na mafundi wawili. Tunu alimchora mama, Rehani akamchora mtoto aliyebebwa mgongoni, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Kazi ya Shebughe ilikuwa kuwakutanisha.

Chumba kile kilikuwa na desturi yake. Fundi hakuleta picha peke yake. Alileta pamoja nayo ramani, nyeupe pale alipo mtu wake, nyeusi pale asipokuwapo. Tena kila fundi alikuwa ameshakata kwenye picha yake sehemu ya kumpisha mtu wa mwenzake. Pale shavu la mtoto lilipogusa mgongo wa mama, ramani zote mbili zilikuwa za kijivu: nusu ya mama, nusu ya mtoto.

Shebughe akamweka mtoto juu ya mama, kama alivyozoea kuweka kila kitu juu ya kingine. Ukatokea mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ukiwatenga mama na mwanawe. Akamrudishia Rehani kazi, mstari ukabaki. Akamrudishia Tunu, ukabaki. Mafundi wakaanza kununiana, na Shebughe kwa hasira akaapa kwamba ikifika Ijumaa mmoja wao atafungasha virago.

Lakini mstari ule ulimkera na kumvuta pamoja. Alhamisi asubuhi akaikuza picha hadi kila nukta ikawa kubwa kama kigae, akakodoa macho. Penye mstari, mtoto alikuwa na nusu yake kamili. Mama alikuwa amebakiwa na robo. Robo nyingine ilikuwa giza tupu. Imekwenda wapi? Nani kaila? Hakuweza hata kunywa chai yake. Akawaita wote wawili, awaulize nani amekata kupita kiasi.

Tunu akasema, “Bosi, sisi tulishapishana tangu mwanzo, aliyemkata mama mara ya pili ni wewe.”

Shebughe aliona aibu, wala hakuificha. Kila alipomweka mtoto juu, kompyuta ilimkata aliye chini kadiri ya aliye juu; ndiyo kusema alikuwa akimwamuru mama apishe tena, naye mama alikuwa ameshapisha. Akaacha kuwapandanisha, akawajumlisha tu, nusu kwa nusu. Mstari ukatoweka, shavu likatulia mgongoni. Ijumaa walikuja kazini wote watatu.

Nawe unayeitwa kupatanisha ndugu wawili, je, kabla hujamwambia mmoja wao apunguze, umemuuliza ameshaachia nini?